Binti yuko JKT na cheti chake cha kuzaliwa, mimi niko Kondoa na fomu ya mkopo. Wazazi wa kidato cha sita tukutane hapa

Fundi wa Kondoa, Julai 19, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani wa Kondoa mjini, kuandika sijazoea, mtanisamehe nikizunguka. Binti yangu kamaliza kidato cha sita mwezi wa tano, PCB, na ni wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika hapo. Matokeo yametoka juzi: daraja la pili, pointi 10. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Nikachinja jogoo, tukala majirani watupu, maana mwenye jogoo wake yuko kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Bulombora, Kigoma, anapiga kwata.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangazo la JKT lilikuja na orodha ya vitu: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Bukta nikamshonea mwenyewe, nikajiona mjanja. Kwenye orodha hiyo hiyo waliandika aje na nyaraka zote za kuombea chuo. Mtoto ni mtiifu. Akabeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kila karatasi yenye muhuri humu ndani, akapanda basi. Hatukutoa kopi hata moja.

Juzi nimeingia steshenari kuulizia mkopo wa chuo. Kijana ananiambia mzee, dirisha liko wazi tangu Juni, linafungwa mwisho wa Agosti. Lete cheti cha kuzaliwa tukihakiki RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, lete namba ya mtihani ya kidato cha nne, lete picha, lete kitambulisho cha mdhamini. Nikamjibu cheti kiko Bulombora. Akacheka mpaka akakaa chini.

Hofu ya pili: nakumbuka kwenye cheti jina la babu limeandikwa Ramadhani, na shuleni anaandikwa Ramadhan, bila i. Hili ni tatizo au najitisha bure?

Ya tatu: anataka udaktari, tangu darasa la nne. Hizo pointi zinatosha?

Ya nne, msinicheke, ni hela. Nina cherehani mbili na ekari tatu za alizeti. Mama yake yuko hai ila hana kipato chake.

Msaada tutani.

---

Kruta Mstaafu, Julai 19, saa 4:02 usiku

Shikamoo mzee. Nilipita JKT baada ya kidato cha sita, acha nikutulize kidogo. Zile nyaraka hawakuagiza kwa bahati mbaya. Matokeo yanatoka na maombi ya chuo yanafunguliwa vijana wakiwa bado kambini. Mwaka wetu tulipewa zamu za kuomba vyuo, na maafisa wa Bodi ya Mikopo walikuja kutufundisha kujaza. Kwa hiyo usimwambie atume cheti nyumbani. Akikitoa kikapotelea njiani, nyote wawili hamna kitu.

Shida ni kwamba hana simu. Ile namba aliyokupigia mara ya mwisho ni ya afande. Mpigie jioni baada ya kazi, msalimie vizuri, jieleze kwa kifupi. Maafande ni wazazi pia.

---

Fundi wa Kondoa, Julai 19, saa 4:15 usiku

Marahaba mwanangu. Namba ninayo. Niliisevu "Afande wa Binti".

---

Shangazi wa Singida, Julai 20, saa 12:50 asubuhi

Pole kaka. Mwaka jana nilipita humo humo na mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza cheti. Alipojiunga kidato cha tano, shule ilidai kopi ya cheti cha kuzaliwa? Nyingi hudai. Faili lake bado liko pale. Nenda shuleni, usipige simu, nenda. Ukipata kopi safi inayosomeka, uhakiki wa RITA unafanyika kwa mtandao na unarudishiwa namba ya uhakiki. Hiyo namba ndiyo inayoingia kwenye maombi ya mkopo.

Pili, wengi wanadhani ukishalipa ile 30,000 ya maombi ya mkopo umeshaomba. Hapana! Umelipia, hujaomba. Ukimaliza kujaza unachapa fomu, halafu fomu inatembea: mwombaji anasaini, mdhamini anasaini na kubandika picha, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, kisha wakili au hakimu. Ndipo unazirudisha zile kurasa kwenye mfumo. Jirani yangu alilipa, akarudi nyumbani kulala, Oktoba akaanza kulia kwamba kaonewa. Fomu ilikuwa kabatini.

Mimi kilichonitesa ni cheti cha kifo. Kaka alifariki 2014 kijijini, tukamzika kesho yake. Nani siku ile alikumbuka cheti? Na mtoto bila cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa si yatima kwa mujibu wa fomu, hata kama kijiji kizima kilibeba jeneza. Nilianza na barua ya mtendaji wa kijiji, nikaenda kwa msajili ofisi ya mkuu wa wilaya, nikarudishwa kwa shahidi aliyekuwepo msibani, nikarudi tena. Wiki tatu. Nilikuwa naacha genge na kwenda kutafuta ushahidi kwamba kaka yangu kafa.

Mlio na yatima ndani, fanyeni hilo mtoto akiwa kidato cha tano. Nawaambia kwa mapenzi.

---

Pwani Moja, Julai 20, saa 2:11 asubuhi

Kwa waliozaliwa Zanzibar, cheti kinahakikiwa ZCSRA, wakala wa usajili wa huko, si RITA. Nimeona watu wakipoteza siku hapo.

---

Mwalimu wa Kemia, Julai 20, saa 1:30 usiku

Mzee Fundi, nijibu la udaktari, maana kila mwaka wazazi wanachanganyikiwa mahali pamoja.

Zipo pointi za aina mbili. Za NECTA, baraza la mitihani, zinazotoa daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, ndiyo maana binti ana 10, na kadiri zinavyopungua ndivyo bora. Za TCU, tume ya vyuo vikuu, zinazotumika kuingilia chuo, zimegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo binti ana 8, na hapa kadiri zinavyopanda ndivyo bora. Mzazi anasoma kwenye kitabu cha mwongozo kwamba kozi fulani inataka pointi 6, anaangalia 10 za mtoto, anashangilia. Anashangilia namba isiyo yake.

Kwa udaktari, kutimiza kigezo na kupata nafasi havifanani. Kigezo ni mlango. Ukishapita mlangoni unakuta foleni ya watoto wenye A na B za Kemia. Sisemi asiombe. Aombe, ila asiache udaktari peke yake kwenye fomu. Tangu 2017 hakuna tena ule mfumo mmoja wa TCU wa kupanga watu, kila mtu anaomba chuo kwa chuo, na kila chuo ada yake ya maombi. Kwa C ya Baiolojia na C ya Kemia kuna uuguzi, sayansi ya maabara, lishe, ualimu wa sayansi, mazingira. Weka udaktari juu, kisha ziwepo mbili ambazo akichaguliwa atasoma bila kununa.

Na mwulize yeye. Nimefundisha watoto wanaosema "daktari" kwa sababu ndiyo kazi pekee yenye heshima waliyowahi kuisikia nyumbani.

---

Mchokozi wa Ilala, Julai 20, saa 2:05 usiku

Mimi ntasema ambalo hamtaki kulisikia. Mpeleke VETA akasome ufundi. Mtaani kwangu kuna digrii nne nyumba moja, zote zinauza vocha. Mwalimu hapo juu anataja ualimu, angalia saili za walimu watu wanavyojaa. Miaka mitatu, minne, halafu deni la Bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Mzee ana cherehani mbili, moja amwachie binti, mwaka huu huu anaanza kupata hela.

---

Mama Watatu, Julai 20, saa 2:20 usiku

Mchokozi, wanao wako VETA?

---

Mchokozi wa Ilala, Julai 20, saa 2:24 usiku

Wa kwanza yuko chuo, IFM. Lakini hilo halihusiani.

---

Mama Watatu, Julai 20, saa 2:25 usiku

😂😂 Nimemaliza.

---

Mwalimu wa Kemia, Julai 20, saa 2:41 usiku

Mchokozi ana hoja mahali, ila kaiweka vibaya. Njia ya ufundi na stashahada ilikuwa ya kufikiria baada ya kidato cha nne. Sasa hivi kuna stashahada, zikiwemo za afya, zenye mkopo wa serikali, walianza 2023/24. Mtoto aliyeshamaliza PCB na C mbili ukimrudisha kwenye cherehani, hiyo miaka miwili ya sekondari ya juu ilikuwa ya nini? Na makato ya asilimia 15 yanamkuta mwenye mshahara. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni, iliyokuwa ikinenepesha mkopo kila mwaka, ilifutwa 2021. Deni la sasa angalau linapungua ukilipa. Mimi la kwangu la zamani nilikuwa nalipa na linaongezeka.

---

Dogo wa Mabibo, Julai 20, saa 5:58 usiku

Wazee shikamooni. Niko mwaka wa pili, Dar. Naona mnaongelea kuingia tu, acha niwape habari za ndani.

Boom, yaani ile ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Nyumbani ukitaja elfu kumi kwa siku mama anaona utakula kuku. Sasa toa kodi humo humo. Toa nauli, toa bando, toa kuchapa kazi za darasani. Hosteli hazitoshi. Hata baada ya zile za Magufuli kufunguliwa 2017, zinazobeba watu 3,840, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) bado watu wanabebana, kitanda kimoja vichwa viwili, na aliyebebwa hana jina pale. Nje ya chuo, geto Msewe au Changanyikeni mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwisho wa boom ni pasi ndefu: unaruka chai, unaruka mchana, unakula saa kumi mara moja, siku imeisha.

Lakini hatari kubwa ni wiki za mwanzo. Boom haliko mfukoni siku unayoshuka kwenye basi. Mpaka usajiliwe, jina liende, usaini kwa alama ya kidole, ndipo liingie. Mwaka wangu nilifika wiki ya tatu nakula kwa rafiki. Na kusajiliwa kwenyewe kuna pesa: bima ya afya 50,400 kama huna kadi ya NHIF, 20,000 ya TCU ya udhibiti ubora, michango ya serikali ya wanafunzi, kitambulisho, hosteli. Mkopo haulipi hivyo vyote. Kuna jamaa alipata mkopo mzuri kabisa, akakosa laki na nusu ya kuanzia, akachelewa kusajiliwa. Kila mtu kwao alikuwa anamwambia "si una mkopo?"

Mzee, kabla hujawaza ada, weka pembeni hela ya mwezi mmoja.

---

Shangazi wa Singida, Julai 21, saa 12:40 asubuhi

Hiyo "si una mkopo" ndiyo inayoua michango ya ukoo. Watu walikuwa tayari, mtoto akapata mkopo, kundi la familia la WhatsApp likawa kimya kama makaburini.

---

Mama Watatu, Julai 21, saa 3:15 asubuhi

Nami niseme langu, ingawa naona aibu. Mwanangu alipoingia chuo mwaka juzi, Oktoba, sikuwa na kitu. Mahindi tulikuwa tumeshauza Julai kwa bei ya kutupa kwa sababu kulikuwa na deni la shule. Nikaenda kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu. Nilichukua laki tatu, marejesho kila Jumatatu. Boom lake la kwanza lilipotoka alinitumia mimi nilipe, badala ya mimi kumtumia yeye. Yeye akabaki na pasi ndefu. Nilijua baadaye sana, kwa mdogo wake.

Kaka Fundi, alizeti usiuze yote sasa hivi. Hata magunia mawili yafiche yasubiri Oktoba. Na kama uko kikoba, omba zamu yako ya kukopa iangukie hapo.

---

Fundi wa Kondoa, Julai 21, saa 1:10 usiku

Mama Watatu, hakuna aibu hapo dada yangu. Nimekusikia. Magunia matatu nimeyaweka chumbani kwa binti, mke anauliza ni ya nini nimemwambia ni ya hosteli.

---

Mjanja M1, Julai 23, saa 4:44 asubuhi

Wakuu kwa wanaotaka asilimia 100 ya mkopo kuna mtu wangu yuko ndani, ni inbox tu.

---

Kruta Mstaafu, Julai 23, saa 4:49 asubuhi

Wazazi, huyo ni tapeli. Msiende inbox. Binamu yangu aliombwa 150,000 "ya kusukuma faili", akatuma, namba ikazimwa jioni hiyo hiyo. Malipo ya maombi ni yale ya namba ya malipo ya serikali tu, hakuna ya kutuma kwenye simu ya mtu. Moderator, mtoeni.

---

Msomaji Mkimya, Julai 24, saa 6:30 mchana

Naomba kuuliza. Mwanangu alisoma sekondari ya binafsi lakini hatukulipa sisi, alisomeshwa na kanisa. Je atanyimwa mkopo kwa kuonekana ni mtoto wa kishua?

---

Shangazi wa Singida, Julai 24, saa 8:02 mchana

Omba barua ya ufadhili kutoka kwa waliomsomesha, iambatanishwe. Bila barua, mfumo unaona shule ya kulipia na kudhani mlilipa nyinyi. Na kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, jazeni hiyo namba ya kaya, msione haya.

---

Fundi wa Kondoa, Agosti 9, saa 3:00 usiku

MREJESHO.

Nilikwenda shuleni kwake. Faili lake lipo, kopi ya cheti ipo ndani, imepinda pembeni lakini inasomeka, na picha mbili ndogo zilizobaki. Nilipotoka pale nilitembea kama nimepewa gari.

Uhakiki umefanyika, namba imekuja. Ile i ya Ramadhani tulienda mahakama ya mwanzo, nikaapa kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hakimu akaniuliza, kwa hiyo mzee umekuja mpaka hapa kwa ajili ya i? Nikamwambia ndiyo mheshimiwa, ni i ya baba yangu.

Fomu imechapwa. Mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri, mdhamini ni shemeji mwenye kitambulisho cha NIDA. Ikabaki saini ya binti. Nikampigia Afande wa Binti. Mtu mwema jamani. Akasema weka kwenye bahasha, andika jina la mtoto na kombania yake, ipe basi la Kigoma, nitaipokea stendi Jumamosi nikiwa mjini. Bahasha imetoka Kondoa kwa basi la asubuhi, ikalala Dodoma kwa ndugu, ikapandishwa la Kigoma. Imesafiri kuliko mimi. Miaka 51 sijawahi kufika Kigoma.

Jana imerudi. Saini yake ndogo imebanwa kwenye kona, na nyuma ya bahasha kaandika kwa penseli: "Baba nimepungua lakini niko salama. Udaktari nimeuweka. Na Lishe, chuo cha kilimo SUA, nimeiweka pia, nimeipenda, afande mmoja mkewe ni afisa lishe kanieleza."

Mwalimu wa Kemia, ulisema nimwulize. Sikupata nafasi ya kumwuliza, kajijibu mwenyewe.

---

Mwalimu wa Kemia, Agosti 9, saa 3:35 usiku

Nimesoma huo mstari wa penseli mara mbili. Hongera mzee.

---

Mchokozi wa Ilala, Agosti 10, saa 1:12 asubuhi

Mzee umenitoa machozi na sitaki. Hiyo bahasha usiitupe.

---

Fundi wa Kondoa, Septemba 6, saa 4:20 asubuhi

Wakuu, nimerudi mbio mbio. Binti karudi juzi, mweusi, mwembamba, anaamka saa kumi alfajiri anafagia uwanja wa jirani. Kachaguliwa vyuo viwili: Lishe SUA na ualimu wa sayansi chuo kingine. Udaktari hakupata. Alilia jioni moja, asubuhi akaamka akafagia.

Sasa tunatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Haijaja. Tumesubiri siku mbili. Kumbe akaunti ya vyuo tuliikamilisha steshenari nyingine baada ya kambi kuishiwa muda, na yule kijana alijaza namba YAKE ya simu. Namba ya siri imekwenda kwake, na yeye kasafiri kwenda msibani Mpwapwa!

---

Dogo wa Mabibo, Septemba 6, saa 4:31 asubuhi

Mzee hilo ni ugonjwa wa nchi nzima. Mtafuteni kwa simu akusomee hiyo namba, usimgombeze kwanza, ukishapata ndiyo umgombeze. Halafu andikieni chuo wabadilishe namba na nywila leo hii, maana mnayo mengine mengi yanayokuja humo. Kwa wengine: simu iwe ya mtoto au mzazi, barua pepe iwe ya mtoto, nywila iandikwe kwenye daftari nyumbani. Steshenari ni ya kuchapa tu.

---

Fundi wa Kondoa, Septemba 6, saa 9:05 alasiri

Kapatikana. Kanisomea namba katikati ya matanga, nasikia watu wanalia nyuma yake. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Tumethibitisha SUA.

---

Mama Watatu, Septemba 6, saa 9:20 alasiri

Alhamdulillah. Na alizeti?

---

Fundi wa Kondoa, Septemba 6, saa 9:22 alasiri

Bado magunia matatu. Panya wamejaribu moja.

---

Msomaji Mkimya, Oktoba 21, saa 2:00 usiku

Awamu ya kwanza imetoka, wetu hayumo. Nyumbani hakuna anayeongea. Kuna mwenye taarifa?

---

Shangazi wa Singida, Oktoba 21, saa 2:18 usiku

Wangu mwaka jana alitoka awamu ya pili. Tulieni, zinakuja kwa awamu, na baada yake kuna dirisha la rufaa. Ingieni kwenye akaunti yake muone kama maombi yamepokelewa kamili au kuna nyaraka ya kurekebisha. Na ile barua ya kanisa mliiambatanisha?

---

Msomaji Mkimya, Oktoba 21, saa 2:26 usiku

Tuliiomba ikachelewa. Tukatuma bila.

---

Shangazi wa Singida, Oktoba 21, saa 2:29 usiku

Basi hiyo ndiyo ya kuingia nayo kwenye rufaa. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa mchungaji.

---

Fundi wa Kondoa, Novemba 16, saa 2:45 usiku

Mrejesho wa mwisho, nisiwachoshe.

Mkopo wa binti ulitoka awamu ya pili. Chakula na malazi karibu yote, ada sehemu. Imebaki laki nne na kitu ya kujazia kwa mwaka, naigawa kwa mihula. Magunia mawili na nusu ya alizeti (nusu ni ya panya) yamelipa bima, usajili, godoro, na mwezi wa kwanza.

Nilimsindikiza mwenyewe. Basi mpaka Dodoma, halafu tukapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, kilipo SUA, mara ya kwanza kwetu sote. Nilikuwa nimebeba ndoo na jiko la mafuta ya taa. Wakaniambia jiko lenye mafuta haliingii kwenye treni, nikamwaga mafuta, nikafuta jiko kwa shati, likaingia. Abiria mmoja akaniuliza, mzee unahamia? Nikamwambia anahama huyu, mimi narudi kesho.

Boom bado halijaingia, ni wiki ya pili. Lakini anakula. Dogo wa Mabibo, ile hela ya mwezi mmoja uliyosema nimeihesabu kila siku.

---

Dogo wa Mabibo, Novemba 16, saa 3:10 usiku

Asante mzee. Mwambie awahi sapu... yaani mwambie ASIPATE sapu, mtihani wa marudio 😂 Muhula wa kwanza ndio unaodisko watu, yaani unaowafukuzisha chuo, wanashangaa uhuru. Na ukiona kakuambia "baba niko sawa" mara tatu kwa simu moja, mtumie elfu tano.

---

Msomaji Mkimya, Novemba 29, saa 1:40 usiku

Rufaa imejibiwa. Kapata. Si yote, lakini kapata. Mchungaji alisaini barua akiwa amevaa kanzu ya ibada, watu wanamsubiri aanze. Shangazi, Mungu akubariki.

---

Fundi wa Kondoa, Mei 24, saa 12:30 jioni

Nafufua uzi wangu kidogo. Binti kamaliza muhula wa kwanza bila sapu hata moja, sasa yuko wa pili. Mimi msimu huu nashona bukta za JKT, bluu iliyokolea, bila zipu, mpira kiunoni, zinaishia magotini kama tangazo linavyotaka. Leo kaja mama mmoja na kijana wake kupimwa. Kabla sijashika futi nikamuuliza, kopi za cheti cha kuzaliwa mmetoa ngapi? Akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikamwelekeza steshenari, nikamwambia kwanza nendeni huko, bukta itasubiri.

---

Baba Pacha, Mei 24, saa 12:52 jioni

Mkuu, bukta moja bei gani? Niko Babati, nahitaji nne. Na hiyo steshenari inafunga saa ngapi?